WATU MASHUHURI WA ULIMWENGU: Elbridge Gerry, Mwuza Samaki wa Marblehead Aliyekuwa Gavana

Katika pwani ya mashariki ya Marekani, kaskazini kidogo ya mji wa Boston, upo mji mdogo uitwao Marblehead. Umejengwa juu ya miamba iliyotokeza baharini, na ardhi yake haifai sana kwa kilimo. Kwa hiyo watu wake wa zamani waliipa nchi kavu kisogo, wakatafuta riziki yao katika maji. Katika mji huo, tarehe 17 Julai 1744, alizaliwa Elbridge Gerry. Baba yake, Thomas Gerry, alikuwa nahodha kutoka Uingereza ambaye aliacha kusafiri akakaa pale, akawa mfanyi biashara. Siku zile Massachusetts ilikuwa koloni la Mfalme wa Uingereza, na hakuna aliyeweza kubashiri kwamba mtoto huyo wa mwuza samaki angekuja kutia sahihi yake katika karatasi mbili zenye habari kubwa: moja iliyotangaza uhuru wa nchi yake, na nyingine iliyoligeuza jina lake kuwa neno la lawama katika kila nchi inayopiga kura.

Biashara ya akina Gerry ilikuwa ya samaki mkubwa wa bahari ya baridi. Wavuvi wa Marblehead walikaa majuma mengi baharini, na kila samaki aliyevuliwa alipasuliwa, akatolewa matumbo, akatiwa chumvi. Waliporudi pwani walimwanika juu ya vichanja vya miti mpaka akakauka kabisa, kama watu wa pwani yetu wafanyavyo ng'onda. Ng'onda walio bora walipelekwa Hispania na Ureno, ambako Wakristo wa Kanisa la Roma walihitaji samaki kwa siku zao za kufunga nyama. Merikebu zilirudi na chumvi, divai na matunda. Ng'onda waliovunjika au kuharibika kidogo hawakutupwa. Hao waliuzwa katika visiwa vya West Indies, kuwa chakula cha watumwa Waafrika waliolimishwa miwa. Haifai kulificha jambo hilo, maana sehemu moja ya mali ya Marblehead ilitoka katika matumbo ya watu wale, na mali ya akina Gerry ilikuwa katika mali hiyo.

Elbridge alipelekwa kusoma katika Chuo cha Harvard akiwa bado kijana mdogo, akamaliza mwaka 1762. Alirudi nyumbani kufanya kazi pamoja na baba yake na ndugu zake. Miaka mitatu baadaye alipewa shahada yake ya pili, na hoja aliyoitetea siku ile ilihusu kodi mpya za Waingereza: je, raia mwaminifu aweza kuziepuka kodi hizo? Yeye alijibu kwamba aweza. Kwa mwenye merikebu lilikuwa jambo la mfuko wake. Lakini yeye aliliona pia kuwa jambo la haki, kwa sababu walioziamuru kodi hizo hawakuchaguliwa na wale waliozilipa.

HOSPITALI ILIYOTEKETEZWA

Mwaka 1772 watu wa Marblehead walimchagua kuwa mjumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria la Massachusetts. Huko alikutana na Samuel Adams wa Boston, aliyekuwa mbele katika kupinga amri za London, wakawa marafiki na kuandikiana barua nyingi. Hata hivyo jambo la kwanza lililomtia Gerry katika taabu kubwa halikutoka kwa Waingereza. Lilitoka kwa watu wa mji wake mwenyewe.

Mwaka 1773 ndui iliingia Marblehead. Siku hizo chanjo ya ndui ya ng'ombe ilikuwa haijagunduliwa bado. Dakta Edward Jenner wa Uingereza aliijaribu mara ya kwanza mwaka 1796. Njia iliyojulikana ilikuwa kumchanja mtu ngozi kidogo na kumtia usaha wa ndui yenyewe, ili augue kidogo na kupona, asiugue tena maisha yake yote. Wakati wa kuugua huko aweza kuwaambukiza wengine, kwa hiyo ilikuwa lazima atengwe. Gerry na ndugu yake John, pamoja na Azor Orne na Jonathan na John Glover, walijenga hospitali kwa fedha zao katika kisiwa kidogo karibu na mji, kilichoitwa Cat Island.

Watu wengi waliochanjwa walipona. Lakini wavuvi maskini hawakuwa na fedha za kulipa, tena waliona matajiri wakienda kisiwani na kurudi wazima, huku mjini watu wakiugua. Wakaingiwa na shaka kwamba mashua za hospitali ndizo zilizoleta ugonjwa. Shaka ikawa hasira. Usiku mmoja wa mwezi wa Januari 1774 watu waliojifunika nyuso walivuka mpaka kisiwani wakaitia moto hospitali yote. Wawili walikamatwa wakafungwa katika mji wa Salem. Kundi kubwa likaenda kuvunja gereza na kuwatoa. Wenye hospitali, kwa kuogopa damu isije ikamwagika, wakaacha madai yao.

Gerry alichukizwa sana hata akajitoa katika kamati yake ya siasa. Mtu aliyekuwa akisema kwamba watu lazima wawe na sauti katika mambo yao alikuwa ameisikia sauti hiyo nje ya mlango wake, nayo ilikuwa imeshika kinga cha moto. Kuanzia hapo, na kwa miaka mingi, aliogopa vitu viwili: wakubwa wasiozuiliwa na sheria, na makundi ya watu wasiozuiliwa na sheria. Maisha yake hayaeleweki mpaka hofu hizo mbili ziwekwe pamoja.

Hakukaa kando muda mrefu. Katika mwaka ule ule wa 1774 Waingereza waliifunga bandari ya Boston kuiadhibu kwa ajili ya chai iliyomwagwa baharini, na vyakula vya kuwasaidia watu wa Boston vikashushwa Marblehead. Ilitakiwa mtu ajuaye maghala, mikokoteni na hesabu. Gerry akarudi kazini.

Katika usiku wa tarehe 18 Aprili 1775 alikuwa amelala katika nyumba ya wageni pamoja na Azor Orne na Jeremiah Lee, wote wajumbe wa kamati ya kukusanya silaha. Askari wa Mfalme walipita njia hiyo wakielekea Lexington na Concord, na baadhi yao wakageuka kuiendea nyumba. Wale mabwana watatu walitoka kwa mlango wa nyuma wakiwa katika nguo za kulalia, wakajilaza katika shamba la mahindi lililokwisha vunwa, juu ya ardhi yenye baridi, mpaka askari walipokwenda zao. Kulipopambazuka vita vya uhuru vilikuwa vimeanza. Lee, aliyekuwa tajiri kuliko wote wa Marblehead, alishikwa na homa baada ya usiku ule, akafa mwezi uliofuata.

Gerry alichaguliwa kwenda katika Kongamano la makoloni yote huko Philadelphia, akaingia mwezi wa Februari 1776. Aliupigania uhuru kwa bidii hata John Adams, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu watu, aliandika katika barua kwamba kama kila mjumbe angekuwa kama Gerry, uhuru wa Marekani haungekuwa na wa kuuogopesha. Alitia sahihi Tangazo la Uhuru katika mwaka huo huo. Kazi yake hasa ilikuwa mahitaji ya jeshi, yaani baruti, hema, viatu na mishahara. Vita vilimletea faida katika biashara, na yeye hakukana. Lakini aliwapinga kwa nguvu wale waliopandisha bei bila huruma wakati askari wanatembea bila viatu.

MTU ALIYEKATAA KUTIA SAHIHI

Vita vilipokwisha, Gerry alikuwa tajiri. Mwaka 1786 alimwoa Ann Thompson, binti wa mfanyi biashara wa New York, nao wakajaliwa watoto kumi. Mwaka 1787 alinunua nyumba kubwa katika mji wa Cambridge iitwayo Elmwood. Nyumba hiyo ilikuwa na habari yake: ilijengwa na Thomas Oliver, Luteni Gavana wa mwisho wa Mfalme, ambaye mwaka 1774 alizingirwa humo na maelfu ya watu mpaka akaandika barua ya kuiacha kazi yake.

Wakati huo upande wa magharibi wa Massachusetts ulikuwa na fujo. Wakulima wenye madeni, wengi wao askari wa zamani, walikuwa wamechukua bunduki na kufunga mahakama ili wasinyang'anywe mashamba. Katika hali hiyo wajumbe wa majimbo walikutana Philadelphia mwezi wa Mei 1787 kutunga Katiba, chini ya uongozi wa George Washington. Gerry alikuwa mmoja wa wajumbe wa Massachusetts. Mwanzoni alisema waziwazi kwamba taabu za nchi zimetokana na demokrasi iliyopita kiasi, na hakutaka wajumbe wa bunge wachaguliwe moja kwa moja na watu. Msomaji anayekumbuka moto wa Cat Island hatashangaa.

Lakini kadiri mkutano ulivyoendelea hofu yake ya pili iliamka. Mwezi wa Julai ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyopatanisha majimbo makubwa na madogo: katika baraza moja viti vigawanywe kwa hesabu ya watu, katika jingine kila jimbo liwe na kura sawa. Bila ya mapatano hayo yaelekea mkutano ungevunjika. Kisha akatazama nguvu walizokuwa wakiipa serikali mpya, akaona hazina kizuizi. Tarehe 12 Septemba alitoa shauri kwamba iandikwe orodha ya haki za raia. Shauri hilo halikupata kura ya jimbo hata moja.

Siku tatu baadaye alisimama akaeleza kwa nini hawezi kutia sahihi. Katika sababu zake mojawapo yafaa kukumbukwa kwa ajili ya mambo yaliyotokea baadaye. Katiba ilisema kwamba katika kugawanya viti vya baraza, kila watumwa watano wahesabiwe kuwa watu watatu. Watumwa hao hawakuwa na kura. Waliohesabiwa walikuwa wao, lakini viti vilivyoongezeka vilikuwa vya mabwana zao. Gerry hakusema hayo kwa kuwahurumia watumwa. Alikwisha uliza hapo kabla kwa nini mali ya kusini ihesabiwe kama watu, ikiwa farasi na ng'ombe wa kaskazini hawahesabiwi, na maneno hayo hayana heima kwa mwanadamu. Lakini aliona wazi kwamba hesabu inaweza kupangwa ili wachache wawe na viti vingi, tena kwa sheria.

Tarehe 17 Septemba 1787 wajumbe 39 walitia sahihi. Watatu waliokuwapo walikataa: George Mason na Edmund Randolph wa Virginia, na Elbridge Gerry. Nyumbani alitukanwa sana. Hata hivyo mwaka 1789 alichaguliwa kuingia katika baraza la wawakilishi la kwanza chini ya Katiba ile ile aliyoikataa, na huko akashiriki katika kazi ya kuongeza haki za raia, ambazo zilithibitishwa mwaka 1791. Yale yaliyonyimwa kura na majimbo yote yalikuwa sasa ni sheria ya nchi.

Mwaka 1797 rafiki yake John Adams, ambaye sasa alikuwa Rais, alimtuma Ufaransa pamoja na John Marshall na Charles Cotesworth Pinckney, kwa kuwa Wafaransa walikuwa wakizikamata merikebu za Marekani. Watumishi wa Waziri Talleyrand wakawadai hongo kabla hawajapokewa. Wote watatu walikataa kutoa. Marshall na Pinckney wakaondoka kwa hasira. Gerry akabaki Paris miezi kadhaa zaidi, kwa sababu aliamini kwamba akiondoka vita vitatokea. Huko nyumbani watu wa chama cha Federalist walimwita msaliti. Aliporudi mwaka 1798 alikuta jina lake limeharibika, ingawa Adams alimtetea, na vita kamili havikutokea. Gerry akaelekea polepole upande wa chama cha Thomas Jefferson, kilichoitwa Republican. Chama hicho si kile chenye jina hilo leo, ambacho kilianzishwa mwaka 1854.

GAVANA

Aliutaka ugavana wa Massachusetts mara nne mfululizo kuanzia mwaka 1800, akashindwa mara nne na Caleb Strong wa chama cha Federalist. Wakati huo mali yake nayo ilikuwa ikipungua, maana alikuwa amemdhamini ndugu yake, na ndugu yake alishindwa kulipa madeni. Mfanyi biashara yeyote ajua dhamana ya ndugu jinsi inavyoweza kumla mtu.

Hatimaye mwaka 1810, akiwa na umri wa miaka 65, alishinda. Luteni Gavana wake alikuwa William Gray, mwenye merikebu nyingi kupita wengi katika nchi ile, ambaye zamani alikaa Salem, mji ulio jirani na Marblehead. Mji huo wa Salem una habari na pwani yetu pia: katika miaka iliyofuata merikebu zake zilifika Unguja mara kwa mara, zikaleta ile nguo nyeupe ambayo mpaka leo tunaiita merikani, na Balozi wa kwanza wa Marekani huko Unguja, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem.

Mwaka wa kwanza Gavana Gerry alitawala kwa upole, akawaacha wapinzani wake wengi katika kazi zao. Mwaka wa pili mambo yaligeuka. Vita na Uingereza vilikuwa vinakaribia, na watu wa Federalist, hasa wenye merikebu, walikuwa wakivipinga kwa maneno makali. Gerry, aliyelala katika shamba la mahindi kwa kuwakimbia Waingereza, aliona maneno hayo kuwa uhaini. Akawaondoa watu wa Federalist katika kazi za serikali na kuweka watu wa chama chake. Akawaamuru wanasheria wa serikali kuyasoma magazeti ya Boston na kuhesabu matusi. Wakarudi na hesabu ya zaidi ya matusi 200 katika magazeti ya Federalist, na yasiyofika 20 katika magazeti ya upande wa Gavana. Ilikuwa hesabu yenye kumpendeza aliyeiagiza.

Ndipo ukaja mswada wa kugawanya upya sehemu za uchaguzi wa Seneti ya jimbo. Tangu zamani sehemu hizo zilifuata mipaka ya wilaya. Chama cha Republican, ambacho kilikuwa na wajumbe wengi katika baraza, kiliichora mipaka upya kwa kutazama kila mji ulipigaje kura. Tarehe 11 Februari 1812 Gavana Gerry alitia sahihi.

Hila yenyewe ni nyepesi. Tuseme pana wapiga kura 500, na viti vitano, kila kiti watu 100. Chama cha kwanza kina watu 270, cha pili 230. Mwenye kuchora mipaka akiwa wa chama cha pili, atawakusanya wapinzani wake 95 katika sehemu moja na 85 katika sehemu nyingine. Huko watashinda kwa kishindo, na kura zao nyingi hazitawafaa kitu. Wapinzani waliobaki ni 90 tu. Atawagawa 30 katika kila moja ya sehemu tatu zilizosalia, wapambane na watu wake 70. Mwisho wa siku chama chenye watu 230 kina viti vitatu, na chenye watu 270 kina viti viwili. Hakuna kura iliyoibwa, wala mtu aliyezuiwa kupiga kura, wala sanduku lililovunjwa. Kila kitu kimefanywa kwa wino.

Katika wilaya ya Essex, nyumbani kwa Gerry mwenyewe, sehemu moja ilitoka kama utepe. Ilianzia kusini karibu na Boston, ikapita Marblehead na Salem, ikazunguka kwa magharibi mpaka Andover, kisha ikapinda kaskazini na mashariki hata ikafika baharini tena huko Salisbury, huku ikiiacha miji ya katikati imefungwa ndani kama samaki katika uzio. Tarehe 26 Machi 1812 gazeti moja la Boston, Boston Gazette, lilipiga chapa ramani ya sehemu hiyo, na mchoraji ameitia kichwa, meno, mabawa na makucha. Husimuliwa kwamba mtu mmoja alipoitazama picha alisema inafanana na salamander, mnyama mdogo kama mjusi akaaye penye majimaji, na mwenzake akajibu, hapana, huyo ni Gerry-mander. Jina hilo liliandikwa juu ya picha, na halikutoka tena.

Mwezi wa Aprili watu walipiga kura. Kwa viti vya Seneti chama cha Federalist kilipata kura 51,766, na chama cha Republican 50,164. Waliopata kura nyingi walipewa viti 11. Waliopata chache walipewa 29.

Lakini kiti cha ugavana hakina mipaka ya kuchora. Jimbo zima humpigia mtu mmoja. Katika kura zaidi ya 100,000 Gerry alishindwa na Caleb Strong, adui yake wa zamani, kwa tofauti isiyofika 2,000. Mswada ulikiokoa chama na kumwangusha mwenye kuutia sahihi. Mwaka 1813, watu wa Federalist walipopata nguvu katika baraza, sheria hiyo ilifutwa. 

Mkwewe, James Austin, aliyeandika kitabu cha maisha yake, alisema kwamba Gerry hakuupenda mswada ule hata kidogo, na alitia sahihi kwa sababu chama chake kiliutaka. Yaweza kuwa ni kweli. Wala haikuwa hila mpya, kwani wengine walikwisha ifanya katika majimbo mengine kabla yake. Lakini Katiba ya Massachusetts ilimpa Gavana uwezo wa kuurudisha mswada barazani, na mtu huyu ndiye yule ambaye mwaka 1787 alikataa kutia sahihi mbele ya Washington na Franklin, wakati karibu kila mtu alimsihi. Alijua namna ya kukataa. Siku ile hakukataa.

SIKU ZA MWISHO

Chama hakikumwacha. Mwaka huo huo wa 1812 kilimteua kuwa Makamu wa Rais pamoja na James Madison, wakashinda, naye akaapishwa mwezi wa Machi 1813. Kazi yake ilikuwa kukaa katika kiti cha mwenyekiti wa Seneti mjini Washington. Ilikuwa miaka ya vita. Mwezi wa Agosti 1814 askari wa Uingereza waliingia katika mji huo wakaichoma nyumba ya Rais na jumba la Bunge.

Asubuhi ya tarehe 23 Novemba 1814 alipanda gari la farasi kwenda Senetini, akashikwa na ugonjwa wa ghafula njiani, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 70. Alizikwa mjini Washington, naye ni mmoja tu kati ya wote waliotia sahihi Tangazo la Uhuru aliyezikwa katika mji huo.

Neno lililoundwa kwa jina lake lilisafiri mbali kuliko merikebu zake. Limo katika kamusi za Kiingereza, na huko Marekani hupita miaka michache tu kabla halijasikika tena mahakamani. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba mahakama za serikali ya shirikisho haziwezi kuzisikiliza kesi za mipaka iliyochorwa kwa faida ya chama. Wakalisemapo neno hilo, wengi wa watu wa huko huanza na sauti ya j. Mwenyewe jina lake alilitamka kwa g, kama ile ya gunia.

Mali yote ilikuwa imekwisha. Seneti ilipitisha shauri kwamba mjane wake apewe mshahara wa Makamu wa Rais kwa muda uliobaki. Baraza la wawakilishi likakataa. Bibi Ann Gerry aliishi mpaka mwaka 1849, wa mwisho katika wajane wa wale mabwana waliotia sahihi Tangazo la Uhuru.